Fidla Nne

Tulianza na magita mawili na ngoma za kuazima
nyuma ya ghala la kahawa, Moshi, mwaka wa mgao wa umeme.
Kundaeli akaja na fidla nne za usharika;
mchungaji alidhani zimekwenda kwa fundi.

Kiborloni walitucheka: roki gani hii, inalia kama msiba?
Kisha wakanyamaza.
Kisha wakajaza ukumbi, miaka sita.

Kaseti moja. Ugomvi wa fedha. Ndeshi akaolewa Singida,
selo lake likabaki kwangu, limeegemea friji.

Jana mjukuu kaugusa uzi mnene,
umeme ukakatika, friji likakoma kunguruma
vile magita yalivyokoma
Kundaeli akiinua kiganja:
pisheni, fidla zinapita.