Taa ya Rangi ya Kiini cha Yai

Iliwaka Jumanne, nilipomaliza kuvuka daraja:
picha ya injini, ndogo kama ukucha wa kidole gumba,
rangi yake ya kiini cha yai.
Nyuma nilibeba ndoo kumi na nne za jibini,
mbele theluji, na barabara ya Vanadzor
imejilaza ubavu kama ng'ombe anayecheua.
Nikaigonga kwa kidole.
Haikujali.

Nikazima redio nisikilize.
Injini ilikuwa na kikohozi chake kilekile cha asubuhi,
kisha koo likasafika.
Moshi hakuna. Harufu hakuna. Usukani umetulia.
Gari zima linasema, mimi mzima;
taa peke yake inasema, mwongo huyo.

Hrachik, fundi wa kando ya reli,
alichomeka kifaa chake, akasoma tarakimu
kwa uso wa mtu anayesoma barua ya mkwewe.
Sensa, akasema. Dram elfu ishirini.
Nikalipa. Taa ikalala siku mbili,
siku ya tatu ikaamka kabla yangu.

Mkhitar akasema sensa haina kosa,
kosa ni Hrachik.
Akabadilisha plagi zote nne,
zile kuukuu akanifungia kwenye gazeti
nikazitazame nyumbani, nijute.
Elfu thelathini na tano.
Sikufika hata kwa muuza mkate.

Wa tatu hakuwa fundi. Alikuwa shemeji yangu Onik,
ambaye hana gari lakini ana maoni.
Chomoa waya wa betri, hesabu mpaka mia, rudisha.
Nikahesabu mpaka mia mbili, kwa heshima.
Saa ya gari ikasahau wakati,
redio ikasahau stesheni zote,
taa ikakumbuka.

Basi Zaruhi akatoka na koti juu ya gauni la kulalia,
akafungua kisanduku cha huduma ya kwanza,
akachagua plasta, akaibandika juu yake
na kuipapasa mara mbili, kama alivyokuwa akifanya
watoto walipokuwa na magoti.
Imetibiwa, akasema. Sasa zamu yako.

Nikajifanya natafuta ufunguo.

Maana kuna kitu hapa, chini ya ubavu wa kushoto,
nacho huwaka ninapopanda ngazi na ndoo.
Kwenye ghorofa ya tatu, si ya pili.
Nikisimama, huzimika.
Sijakichomekea kifaa cha mtu yeyote.

Usiku plasta ilipitisha mwanga,
jeraha dogo lililokaa macho likiwaza.
Niliendesha Januari yote nalo, na Februari,
nikilizungumzia mambo ya bei ya maziwa,
nikilitukana kwenye mlima wa Spitak
kwa maneno ambayo mama hakunifundisha.
Ukae na mtu miezi mitatu gari moja,
hata akiwa hasemi ila neno moja,
utamzoea.

Halafu, Aprili, kwenye kona yenye kibanda cha asali,
nikaona plasta imekuwa plasta tu.

Nikaegesha. Mikono ilinitetemeka kuliko siku ile ya kwanza.
Imepona? Au taa yenyewe ndiyo iliyokufa,
na sasa naendeshwa na gonjwa lisilo na sauti?
Nikabandua plasta, gundi ikabaki.
Nikazima gari.
Ukigeuza ufunguo nusu, taa zote huwaka mara moja,
zikaitika majina yao kama wanafunzi asubuhi.
Nilikaa muda mrefu na ufunguo kidoleni,
jibini ikinuka nyuma yangu,
mwenye asali akinitazama.

Nikageuza. Mafuta: yupo. Betri: yupo.
Na yeye, kiini cha yai, yupo,
akaitika, akaondoka na wenzake
bila kuniaga.

Simu ikalia. Umefika?
Nikamwambia Zaruhi, taa imezimika yenyewe.
Akanyamaza. Nikasikia akifunga bomba la maji.
Na ile nyingine? akauliza.