Kilo ya Leokadia

Siku ile Mwaloni Kirumba tulifunga saa nne.
Hata Wakongo waliokuwa na haraka ya lori
walikaa juu ya viroba vyao, wakivua kofia, wakizivaa tena,
hawajui desturi ya hapa inataka nini.
Ilikuwa mara ya kwanza
Leokadia Nyanjige kuchelewa misa.

Nilimpimia dagaa miaka kumi na tisa.
Mimi si wa dini yake. Lakini rozari yake naijua:
punje moja ilipotelea kwenye chumvi,
mahali pake akafunga kifungo cha shati,
na kila vidole vilipofika kwenye kifungo
sauti ilipanda kidogo,
kama mtu anayepiga hodi kwa jirani.
Kwaresima yake ilipogongana na Ramadhani yangu
tulishindana njaa.
Aliyenuna kwanza alinunua tende.
Nilinunua mimi.

Msimfanye malaika.
Alibishana na dereva kwa shilingi hamsini
mpaka dereva akazima injini.
Ndala zake alizishona kwa uzi wa nyavu.
Padri akirefusha mahubiri, alisinzia waziwazi,
sare yake ya WAWATA imepigwa pasi kama bahasha.
Na ukimwambia, "Mungu atakulipa,"
alikukata jicho: "Mungu hana deni na mimi.
Mwenye deni ni wewe. Mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ulipita. Hakuuliza.

Sasa ile Jumanne ya vipimo.
Kijana wa serikali alikuja na mawe yake ya shaba,
akayapanga juu ya mizani yetu, moja, jingine,
akainama, akakunja uso, akaanza upya.
"Mama, mizani hii mbovu."
"Najua."
"Kilo ishirini yako ni ishirini na moja na robo."
"Najua, mwanangu."
"Inakuibia wewe!"

Nilitazama mshale ule
niliousoma kwa sauti miaka yote, kama mjinga wa darasa.
(Wabichi alinunua kwa ndoo, ndoo za kila mtu,
kwa hiyo wavuvi hawakupunjwa.
Nimelipigia hesabu hilo usiku, zaidi ya mara moja.)

Faini iliandikwa. Sheria haiulizi
mizani imelalia upande gani.
Alilipa. Akadai risiti. Akadai chenji.
Kisha akamfungia kijana dagaa wa kumpelekea mama yake:
"Pima mwenyewe. Mimi nina mizani mbovu."

Fundi akakaza springi, akabandika stika.
Jioni, soko limebaki na paka na harufu,
akaniita kando ya maji.
"Mrisho, mizani imepona.
Sasa uharibike mkono wako."

Hakunieleza zaidi. Alikwenda jumuiya,
zamu ilikuwa ya nyumba yake, na sukari ilikuwa haijanunuliwa.

Kwenye matanga, Kitangiri, watu walisimama mmoja mmoja.
Nesi wa Bugando: ada, miaka mitatu.
Mjane wa Igombe: bati kumi na nane.
Bujiku mlevi alisimama, akashindwa kusema, akakaa,
na binti zake wanne wakalia kwa niaba yake.
Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.
Tulitazamana kama wake wa mume mmoja
wanaokutana msibani.

Duka sasa ni la Deusdediti, mwanawe.
Kijana mnyoofu, ana kalamu nyuma ya sikio,
anaamini stika ya serikali.

Leo asubuhi, mteja wa kwanza, mama wa Igoma,
mtoto mgongoni, noti imekunjwa kama kidonge.
Kilo mbili. Nimepima kilo mbili.
Mshale umesimama panapotakiwa.
Kisha mkono wangu umerudi kwenye kiroba,
umejaa, umemwaga.

Deusi ameona.
Amegeukia ziwani kidogo,
halafu ameanza kuhesabu viroba
ambavyo alikwisha kuvihesabu.