Duara

Wiki ya tatu naamka saa tisa za usiku
nikijikuna kama mbuzi ukutani.
Mkono wa kushoto, chanda cha nne:
vipele vidogo vya maji, vikipasuka vinabaki magamba,
na vyote vimekaa duara.

Neno hilo, duara, ndilo lililoniponza.

Nilimwambia Kasereka, mtoto wa dada yangu,
yuko Ubelgiji anaogesha wazee.
Akasema, Mama mdogo, hujaumwa na kupe?
Huku yuko kupe wa msituni,
anakuachia duara jekundu kwenye ngozi,
miezi ikipita magoti yanavimba, uso unapooza upande mmoja.
Unaitwa Laimu.
Nikasema, limau?
Si limau, Mama mdogo. Laimu.

Kupe! Mimi ninayeuza jibini za Masisi soko la Virunga,
ninayepanda hadi mazizini kila mwezi,
niliyewaona wamenona kama maharagwe
masikioni mwa ng'ombe.
Nimewapasua wangapi kwa kucha hizi?
Usiku ule nilijitazama kiooni kwa taa ya simu
nione kama uso umeanza kwenda upande.
Ulikuwa umechoka tu.

Nikapaka mawese. Nikapaka chumvi, nikalia.
Mama Kahambu akasogeza kiti chake mbali na changu,
polepole, eti anafuata kivuli.
Wateja wakachagua jibini zangu kwa macho,
wakanunua kwake.

Dokta Bisimwa, pale Katindo, hakuuliza habari za ng'ombe.
Aligeuza mkono wangu kama anayesoma barua isiyo yake.
"Duara la kupe hutanuka, na mara nyingi haliwashi hivi.
Mama, hii pete uliivaa lini?"

Miaka kumi na mmoja, nikasema. Ni dhahabu.

Akanyamaza. Ulikuwa unyamavu wa adabu.
Akaleta sabuni na maji baridi, tukaivuta wote wawili
hadi ikatoka.
Kwa ndani imechubuka: njano imekwisha,
imebaki kijivu, kijivu cha makoro ya barabara yetu.
"Nikeli," akasema. "Ngozi huvumilia miaka,
kisha siku moja inakataa."

Muhindo aliinunua Birere asubuhi ya harusi,
akarudi anatiririka jasho,
akaapa kwa kaburi la baba yake.
Sasa yuko Walikale, mwaka wa nne, anachimba madini,
ananipigia akipata kilima chenye mtandao.
Sijui kama alijua.
Wakubwa walisema chanda na pete.
Hawakusema pete ya nini.

Nimepewa dawa ya kupaka, asubuhi na jioni.
Pete nimeifunga kwenye pindo la kitenge,
inanigonga paja nikitembea.

Kasereka amepiga.
Ni kupe?
Si kupe.
Sasa ni nini?

Ni dhahabu, nikamwambia.
Wanasema ngozi yangu haiwezi dhahabu.