Omu Nne

Ragnhild kaingia dukani, mvua ya Bergen yamtiririka kofiani,
na swali moja: spika za marehemu zataka nini?

Eivind akapekua karatasi. "Omu nne.
Hizo zina njaa ya umeme, mama. Hii ndogo itahema tu."
Akawasha ya transista, nzito kama jiwe la kusagia.
Besi ikaja imenyooka, sakafu ikajua.

Akatikisa kichwa. "Rudisha mwanzo."

Kabla ya noti ya kwanza
mpiga fidla alivuta pumzi.
Ile nzito ilikuwa imeimeza.
Ya tatu, iliyotumika, yenye mkwaruzo ubavuni,
iliiachia nafasi.

"Wati zake chache kidogo," Eivind akaonya.
"Zatosha," akasema, anahesabu krona.
"Hapo ndipo Halvdan alipoacha kutafuna."