Ramani Zilizobaki Ukutani

Taimi Hyvärinen huingia ukumbini saa tatu usiku,
wajumbe wameshakwenda hotelini kwao.
Ndoo yake inafuka mvuke. Nje
theluji ya Joensuu inashuka bila haraka
kama mtu asiyedaiwa.

Ukutani wamebandika kesho zao.

Mbrazili amechora miwa, mistari ya kijani
hadi ukingoni, na karatasi ilipomwishia
akaendelea kidogo juu ya ukuta.
Mholanzi amechora tangi la mwani,
bahari iliyofundishwa kukaa ndani ya kopo.
Mnamibia amechora kichaka kinachomeza malisho,
akakikata, akakichoma, akakifanya makaa,
na ng'ombe mmoja pembeni, amenona kupita kiasi.
Mthai ameandika neno moja, muhogo,
akalipigia mstari mara tatu,
kisha chini, kwa herufi za kunong'ona:
nani atakula?

Wenyeji wamechora msonobari mmoja tu.
Kila tawi limetoa mshale: shati, chupa,
gundi, mafuta ya ndege, dawa ya mswaki.
Umechomwa mishale mpaka umekuwa nungunungu.

Taimi anacheka peke yake.
Jina lake, kwa lugha ya hapa, maana yake mche.
Aliyempa ni baba, Tauno, mkata magogo,
aliyehesabu miti kwa vidole saba,
vitatu alivyokwishalipa msituni.
Mti unataka miaka themanini, alikuwa akisema,
msumeno unataka dakika mbili,
na hao wawili ndio mnataka niwapatanishe.

Aproni aliyogawiwa mwezi jana imefumwa kwa mti.
Ndivyo lebo inavyosema.
Ni laini, haina neno.
Inambana mabegani.

Mipango si matumizi, wahenga walinena,
lakini hata mipango ina makombo:
vikombe mia na ishirini chini ya viti,
kila kimoja kimeandikwa NINAOZA,
na jengo zima halina pipa la kuozea.
Huvibeba nyumbani kwenye begi la mgongoni.
Mwaka juzi alivizika karibu na viazi.
Theluji ilipoyeyuka akafukua:
kimoja kilikuwa udongo, kabisa, udongo mweusi mzuri,
akausugua kati ya vidole, akaunusa.
Kilichofuata kilikuwa bado kinasomeka.
Akavifukia vyote. Hakumwambia mtu.

Sasa anaanza na meza, halafu sakafu,
halafu ule ukuta, pale miwa ilipovuka mpaka.
Anasugua kwa sabuni. Anasugua kwa siki.
Anaichukua kalamu iliyosahauliwa mezani
na kuisogeza karibu na taa:
wino wa mimea, asilimia mia.

Basi la mwisho linapita saa nne na robo.
Anavaa koti.
Mimea haijatoka.