Herufi ya Tano

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwanagenzi wa fundi Nishiwaki,
walipoileta Maizuru ikivutwa na stimu mbili
kama ng'ombe aliyeteguka nyonga anayepelekwa mnadani.
Manowari nyeusi, madohani ya njano.
Matundu ya ubavuni niliyahesabu hadi sabini, nikaacha;
moja lingemeza mkokoteni wa baba,
na baba mwenyewe akiusukuma.

Fundi alinikabidhi patasi.
“Kwanza jina,” alisema.
“Mateka haingii nyumbani na jina la kwao.”
Nikateremshwa shetri kwa kamba, makalio juu ya ubao,
usoni pangu herufi nane za shaba.
Kusoma sikujua. Moja ilikuwa lango,
moja kiti kilichopinduliwa,
na ya tano mende aliyelala chali, miguu sita hewani.
Ya kwanza ilitoka kama jino la mtoto.
Mende alinila asubuhi nzima na kucha mbili.
Chini ya kila herufi rangi ilikuwa mbichi,
haijaonja jua wala chumvi,
hivyo nilipomaliza jina lilikuwa palepale,
weusi juu ya weusi.

Ndani kulinuka mkaa, siki,
na kitu ambacho hatukukitaja.
Wakaletwa mateka watano watuonyeshe vali.
Mmoja aliitwa Porfiri, mpiga makaa, hana nyusi.
Nikamuuliza, kupitia mkalimani, vita vilikuwaje.
Akasema: vita vya baharini huonwa na walio juu.
Aliye tanurini huvisikia kwa nyayo.
Alisikia taa zikizima.
Alisikia maji ya vuguvugu yakimfika vifundoni.
Kisha akasikia kimya, akapanda ngazi,
akakuta mlingotini kitambaa cha meza ya maofisa,
kina doa la mvinyo,
na bahari yote imezingirwa na moshi wetu.
Hakulia. Aliona njaa, akaona haya kwa kuona njaa.

Kabla ya kuondolewa alilipiga tanuri la sita kofi,
akasema maneno mengi kwa haraka.
Nilidhani analaani.
“Anasema,” mkalimani akatafsiri,
“hili lina kipimo kiongo. Linaonyesha pungufu.
Mwambieni atakayekuja, asije akafa.”
Nikaandika kwa rangi nyeupe, mwandiko wangu wa kitoto:
LA SITA HUDANGANYA.

Tukaipaka kijivu. Tukaipunguza kimo.
Jina jipya la dhahabu nililipigilia juu ya lile la zamani,
mkuu wa bandari akahutubia, pombe ikamwagwa,
na kutu, isiyojua bendera,
ikaendelea na kazi yake.

Miaka kumi na tisa.
Nishiwaki amekufa, mimi ndiye fundi, kamba inanilalamikia uzito.
Amri: ichorwe mistari myeupe ubavuni,
wapiga mizinga wapya wapate shabaha.
Nikashuka kwanza tanurini. Maandishi yangu yalikuwapo.
Hakuna aliyewahi kufia pale, waliniambia,
kama vile ni bahati.

Waliipiga siku mbili.
Wavulana wasiokuwa wamezaliwa ilipotekwa
walishangilia kila kombora, kisha wakachoka kushangilia,
kwa sababu haikuzama.
Maofisa walitazama saa zao.
Kwenda tezi, kwenda omo, marejeo ni ngamani:
jioni ya pili omo ikainama,
shetri ikanyanyuka polepole, inavuja maji,
nami nikakaza macho nitafute jina, lolote kati ya mawili.
Niliona rangi yangu nyeupe tu.

Mende ninaye. Sikumrudisha ghalani.
Otsune, mke wangu, humtumia kuzuia mlango upepo ukivuma,
na mjukuu wetu huuliza ni mdudu gani huyu,
na anasema nini.
Sijui, namwambia.
Alikuwa wa tano kutoka kushoto.
Hakutaka kutoka.