Sifuri Moja

Saa kumi na mbili asubuhi nashuka ngazi za saruji
kuusoma Mekong.
Ufito una rangi nyeupe na nyekundu,
tarakimu nyingine zimebanduka, nazijua kwa moyo.
Jana mita nne na robo.
Leo tatu na nusu.
Na mvua imenyesha usiku kucha.

Mama yangu aliyajua maji kwa mwezi na mawingu.
Mimi nayajua kwa simu:
huko juu mtu kafunga lango,
huko juu mtu kafungua,
na karanga za Chanthone kwenye fungu la mchanga
zimesombwa pamoja na uzio.

Sisemi Jirani wa Juu ni shetani.
Sufuria ninayopikia wali kaiunda yeye.
Treni yake ilimfikisha shangazi hospitali figo zingali hai.
Mwanangu anajifunza lugha yake, anaandika taratibu
kama mtu anayeshona kifungo.
Ila mkono utoao
ndio huo ushikao bomba.

Mwezi uliopita walikuja Vientiane wajumbe wa nchi nne za chini,
nami nikaitwa na daftari langu.
Ukumbini walishikana mikono, picha zikapigwa.
Jioni nikawaona wakipanda lifti mmoja mmoja
kwenda chumba cha mgeni yule yule:
huyu na daraja lake, huyu na deni lake,
huyu anataka tu kuuza duriani.
Lifti ile inabeba watu wanane.

Asubuhi bwana Luong, wa kule mto unakomwagikia baharini,
akaniuliza: Mama, kwenu leo ngapi?
Tatu na nusu.
Kwetu mbili, akasema.
Kwetu saba, akasema Sokunthea.
Tukacheka. Kisha tukanyamaza.
Kila nchi ilichimbia ufito wake ilipopenda,
kila moja ina sifuri yake,
na Jirani wa Juu anazo zote nne
katika kitabu kimoja.

Waheshimiwa, mimi ni msoma ufito, siasa sikuisomea.
Msimtukane: mto haurudi nyuma kwa matusi.
Msimpigie magoti: maji hufuata palipoinama.
Nunueni kwake, mhesabu chenji.
Lakini kabla ya lifti
njooni hapa, na viatu vyenu vya ngozi,
mshuke mpaka topeni,
tukubaliane sifuri iko wapi.

Ngazi ya kumi na tisa leo imekauka.
Nimeikuta na siafu.